Mawese, Tween 80 na unga mweupe chini ya bika

Swali: "Dokta, nasoma farmasia hapa Lubumbashi, niko mwaka wa mwisho. Kwa kazi yangu ya kumaliza masomo nataka kuweka lumefantrini, dawa ya malaria, katika mchanganyiko wa mafuta unaojigeuza emulsheni (matone madogo ya mafuta ndani ya maji) wenyewe ukikutana na maji. Nilinunua mawese soko la Kenya, hapa hapa mjini, nikayachanganya na Tween 80 (safaktanti, yaani kitu kinachosaidia mafuta na maji kuchanganyika), nikapasha moto hadi dawa ikayeyuka yote. Ulikuwa mchanganyiko mwekundu, safi, bila chembe. Nilipoumimina kwenye maji ya uvuguvugu ukawa kama maziwa, lakini baada ya robo saa mafuta yalielea juu, na chini ya bika kukatulia unga mweupe. Kesho yake asubuhi hata ule uliobaki kwenye chupa ulikuwa umeganda. Nibadili mafuta? Nijaribu ya karanga, au ya mise, yale ya kokwa ya mchikichi? Na kazi ikifaulu, farmasia zetu zinaweza kuwatengenezea wagonjwa?"

Mdogo wangu, anza na ule unga mweupe. Mafuta yanayoelea hurekebishwa kwa kubadili safaktanti, na mchanganyiko unaoganda hurekebishwa kwa kubadili mafuta. Unga ni jambo zito zaidi. Kama ni lumefantrini yenyewe, maana yake dawa iliyaacha mafuta mara tu yalipotawanyika majini, ikarudi kuwa fuwele. Mgonjwa angekuwa amemeza kile kile ambacho kidonge cha kawaida kingempa, na juu yake Tween ya bure.

Kwa hiyo hakikisha kwanza ni nini. Chota ule unga, usuuze kwa maji mara mbili tatu, uweke kwenye kioo chini ya hadubini yenye mwanga wa polaraizi. Fuwele za dawa zitang'aa kwenye giza. Lakini mafuta ya mawese yaliyoganda nayo yana fuwele zake na hung'aa vilevile, usidanganyike. Pasha kioo polepole hadi nyuzi 50 hivi: mawese yatayeyuka na mng'ao wake utazimika, wakati lumefantrini, ambayo haiyeyuki kwa joto mpaka ikaribie nyuzi 130, itabaki iking'aa. Jaribio hilo linakula dakika kumi tu, na litakuambia kama unapambana na mafuta au unapambana na dawa.

Nadhani unapambana na dawa, na sababu iko kwenye maneno yako mwenyewe: "nikapasha moto hadi ikayeyuka yote." Mafuta ya moto hubeba dawa nyingi kuliko mafuta ya baridi. Ulipoyapoza, ulibaki na kiasi ambacho mafuta hayakuweza tena kukishika kwa haki. Dawa ilikuwa inasubiri kisingizio cha kutoka, na maji yakawa kisingizio hicho. Joto ni sawa kulitumia kuharakisha kazi, lakini kiasi cha dawa kiamuliwe na umumunyifu, yaani kiasi ambacho mafuta yanaweza kuyeyusha, uliopimwa kwenye joto ambalo dawa itahifadhiwa. Weka dawa ya ziada kwenye mafuta, tikisa kwa saa 48 hadi 72 kwenye nyuzi 25, zungusha kwenye sentrifuji, pima kilicho juu. Kisha katika mchanganyiko wako jaza kama asilimia 80 tu ya kiwango hicho. Najua umeme unakatika na bafu ya maji inapoa katikati ya jaribio. Basi tumia chumba chenye joto tulivu, acha kipimajoto ndani, andika joto kila unapopita, na urefushe muda hadi vipimo viwili vinavyofuatana vikubaliane. Msimamizi wako ataiheshimu zaidi namba yenye joto lililoandikwa wazi kuliko "nyuzi 37" ambayo haikuwepo usiku.

Sasa hesabu. Kwa maoni yangu hapa ndipo kazi yako itasimama au kuanguka, na wengi huanza kuchora michoro ya awamu, ile ya uwiano wa mafuta, safaktanti na maji, kabla ya kuipiga. Mtu mzima wa kilo 35 na zaidi humeza vidonge vinne kwa mara moja, kila kimoja kikiwa na artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Hiyo ni lumefantrini miligramu 480 kwa dozi, dozi sita kwa siku tatu. Tuseme, kwa mfano tu, mchanganyiko wako unashika miligramu 20 kwa mililita. Dozi moja itahitaji mililita 24. Kapsuli ngumu ya namba 00 inachukua kama mililita 0.9. Utampa mgonjwa wa malaria, ambaye tayari anatapika, kapsuli zaidi ya 26 kwa mara moja? Hata ukifika miligramu 100 kwa mililita, bado ni karibu mililita 5 na kapsuli tano au sita.

Mtazame mwenzake artemetha. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 80, na sindano ya artemetha ambayo umeiona hospitalini ni miligramu 80 ndani ya mililita moja ya mafuta, kwa kawaida ya karanga. Ampuli hiyo peke yake ni ushahidi kwamba mafuta ya kawaida ya mmea yanaweza kuibeba dozi nzima ya artemetha ndani ya kapsuli moja. Kama msimamizi wako anakuruhusu kubadili, mimi ningebadili: artemetha iwe dawa kuu ya kazi yako, na lumefantrini iwe sura moja inayoonyesha ugumu ulipo. Kama haruhusu, baki na lumefantrini, lakini lenga dozi ya mtoto mdogo wa kilo 5 hadi 14, ambaye hupewa kidonge kimoja tu, na katika umbo la kimiminika cha kunywesha badala ya kapsuli. Hapo hesabu inaanza kukubali.

Nikija kwenye mafuta yenyewe. Karibu kila mafuta ya mimea uliyoyataja ni trigliseridi: gliserini moja iliyoshikana na asidi tatu za mafuta. Molekuli hiyo ni kubwa, haina sehemu inayopenda maji, na kwa sababu hiyo huyeyusha dawa kidogo kuliko tunavyotarajia na hukataa kuvunjika kuwa matone madogo. Mawese yana asidi palmitiki kama asilimia 44, na hiyo ndiyo inayoyagandisha. Huyeyuka kabisa kati ya nyuzi 33 na 39. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Chupa yako haikuwa na kosa lolote kuganda. Ila dawa iliyomo kwenye mafuta yanayoganda na kuyeyuka kila siku husukumwa nje ya fuwele za mafuta, nayo hujijengea fuwele zake. Mafuta ya karanga hayana shida hiyo kwa kiwango hicho, maana sehemu yake kubwa ni asidi oleiki na linoleiki, na hubaki kimiminika.

Kuhusu mise, kuna kosa ambalo nakutana nalo kila mara kwenye kazi za wanafunzi. Wanasoma kwamba trigliseridi za mnyororo wa kati, zile zinazosifiwa katika vitabu vyote, hutoka kwenye nazi na kokwa ya mchikichi, basi wananunua mafuta ya mise na kuandika kwamba wametumia mnyororo wa kati. Trigliseridi hizo ni za asidi zenye kaboni 8 na 10, ambazo kiwandani hutenganishwa na kuunganishwa upya. Katika mise yenyewe asidi hizo mbili kwa pamoja hazifiki asilimia 10. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi lauriki, yenye kaboni 12. Mise ni mafuta mazuri ya kujaribu, lakini yaandike kwa jina lake.

Kuna mafuta mengine ambayo hukuyataja, nami ningeyaweka mbele ya yote uliyoyataja: mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita ya nyonyo. Karibu asilimia 90 ya asidi zake ni risinoleiki, na asidi hiyo ina kikundi cha haidroksili katikati ya mnyororo wake. Kikundi hicho kimoja huyafanya yachanganyike na ethanoli na kuyeyusha dawa nyingi ambazo karanga na mawese huzikataa. Ni kweli yanaharisha, ila kuharisha huko huja na kiasi cha kijiko kizima. Kwenye mililita moja au pungufu hofu ni ndogo.

Na usibaki kwenye trigliseridi peke yake. Angalia historia ya siklosporini, dawa ya kuzuia mwili usikatae kiungo kilichopandikizwa. Sandimmune ya kwanza ilikuwa na mafuta ya kawaida ndani yake, na ufyonzwaji wake ulitofautiana sana kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ilipokuja Neoral miaka ya 1990, mafuta ya mahindi yalibaki, lakini yakiwa yamevunjwa kuwa mchanganyiko wa monogliseridi, digliseridi na trigliseridi, pamoja na safaktanti iliyotokana na mbarika, propilini glaikoli na ethanoli kidogo. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba dawa hizo mbili hazibadilishwi moja kwa nyingine bila daktari kufuatilia kiwango cha dawa kwenye damu. Monogliseridi ina sehemu inayopenda maji, kwa hiyo hubeba dawa zaidi na yenyewe husaidia kutengeneza emulsheni.

Kwa lumefantrini kuna mlango wa pili. Dawa hii ni besi dhaifu. Ukiichanganya na asidi ya mafuta iliyo huru, kama asidi oleiki, hizo mbili hushikana, na umumunyifu hupanda mbali juu ya ule wa trigliseridi. Kapsuli laini za Norvir, dawa ya UKIMWI, nazo zilikuwa na asidi oleiki. Mimi ningejaribu karanga au mbarika ikiwa na asidi oleiki ya kuongeza, kuanzia sehemu moja kwa sehemu moja, kabla ya kununua kitu chochote cha bei kubwa.

Sasa yale mafuta yaliyoelea. Kila safaktanti ina namba ya HLB, kipimo alichokileta Griffin mwaka 1949: namba ndogo inapenda mafuta, kubwa inapenda maji. Tween 80 ina 15. Ukiimwaga peke yake kwenye trigliseridi za mnyororo mrefu, hukimbilia majini na kuyaacha mafuta bila ulinzi. Ioanishe na mwenzake Span 80 yenye 4.3, nusu kwa nusu utapata 9.65, robo tatu ya Tween utapata kama 12.3. Tengeneza ngazi ya michanganyiko mitano au sita hivi na uangalie ni wapi matone yanakuwa madogo. Kama mahali pa kuanzia, weka mafuta asilimia 30, safaktanti kwa jumla 50, na kiyeyushi saidizi kama PEG 400 asilimia 20, kisha sogea. Usiifurahie safaktanti nyingi, maana hukera utumbo. Ethanoli nayo uitumie kwa woga: hupenya ganda la kapsuli na kuondoka, na dawa iliyokuwa inaitegemea hubaki pabaya.

Kuna mtego hapa. Mchanganyiko wenye safaktanti na viyeyushi vingi hutoa matone madogo mazuri, maji yanakuwa ya rangi ya samawati kwa mbali, na mwanafunzi anafurahi. Lakini Tween, PEG na ethanoli huenda zao majini, na dawa iliyokuwa imeshikwa na hivyo inabaki yatima. Mtafiti Pouton alipopanga michanganyiko hii katika aina nne, kutoka ile ya mafuta matupu hadi ile isiyo na mafuta kabisa, jambo lililoonekana wazi ni hilo: kadiri unavyosogea upande wa kupenda maji, ndivyo hatari ya dawa kuanguka ikichanganywa na maji inavyoongezeka. Ukilazimika kuchagua kati ya emulsheni nyeupe isiyoacha unga na nyingine angavu yenye fuwele baada ya saa mbili, chukua nyeupe.

Kwa hiyo pima hivi. Gramu moja ya mchanganyiko kwenye mililita 250 za maji ya nyuzi 37, ikizungushwa taratibu. Tazama kama imetawanyika ndani ya dakika moja. Kisha usiondoke. Rudia kwenye asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M na kwenye bafa ya pH 6.8, kwa sababu besi dhaifu hutenda tofauti tumboni na kwenye utumbo mwembamba. Chota sampuli baada ya nusu saa, saa moja, saa mbili, saa nne. Zungusha, tazama chini, pima kilichobaki juu. Halafu mmeng'enyo. Mafuta hayapiti mwilini yakiwa mazima: vimeng'enya vya kongosho huyakata, nyongo inabeba vipande, na dawa lazima ihamie kwenye makazi hayo mapya. Labo zenye fedha hutumia mashine inayodondosha sodiamu haidroksaidi yenyewe kuweka pH palepale. Wewe una bureti, pH mita na mikono miwili. Weka pankreatini (vimeng'enya hivyo vya kongosho) na chumvi za nyongo, dondosha mwenyewe, andika ujazo kila dakika kwa nusu saa. Inachosha, ila inafanyika, na ndiyo itakayokuambia kama mafuta yako yana faida. Trigliseridi za mnyororo mrefu, zile zile zilizokusumbua kwenye bika, hapa zinaweza kushinda: mazao yake yanashika dawa vizuri, na dawa inayopenda mafuta sana inaweza kusafiri nayo kwa njia ya limfu bila kupita ini kwanza.

Kuhusu bidoni (dumu) ya mawese ya soko la Kenya, nisikilize vizuri. Mawese mengi ya kienyeji huchemshwa kwenye mapipa ya chuma, kisha yanakaa juani kwenye bidoni za njano zilizokwishabeba vitu vingine. Chuma kinachoingia humo kinaharakisha mafuta kuchacha. Kwa artemetha ni mbaya zaidi: dawa hiyo inaua vimelea vya malaria kwa daraja lake la peroksaidi, ambalo chuma hulivunja. Ndani ya kimelea hiyo ndiyo kazi yake. Ndani ya chupa yako ni dawa inayokufa kabla ya kumfikia mgonjwa. Pima namba ya peroksaidi na namba ya asidi ya kila bidoni, vipimo vinavyoonyesha mafuta yameharibika kiasi gani. Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, inaruhusu mafuta yaliyosafishwa yafike miliekivalenti 10 za oksijeni kwa kilo, na asidi ya miligramu 0.6 ya potasiamu haidroksaidi kwa gramu. Mawese ghafi yanaruhusiwa hadi 15 na hadi 10. Hizo ni namba za chakula. Kwa dawa ningetaka chini kabisa, na Tween 80 nayo ipimwe, kwani hujijengea peroksaidi zake chupa ikifunguliwa mara kwa mara. Rangi nyekundu itakuficha alama ya waridi ya fenolftaleini, basi tumia pH mita kuona mwisho wa titresheni. Rangi hiyo hiyo itaingilia kipimo chako cha UV, kinachopima dawa kwa mwanga, kwa hiyo kila safari andaa mchanganyiko ule ule usio na dawa kama kilinganishi, au pima kwa HPLC, mashine inayotenganisha dawa na vingine kabla ya kuipima, ukiipata. Ukitaka kazi inayoweza kurudiwa na mtu wa Bukavu au wa Kinshasa, nunua mafuta yaliyosafishwa yenye cheti, na mawese ya soko yafanye kuwa sehemu ya kulinganisha.

Swali lako la mwisho: hapana, kwa sasa farmasia zisiwatengenezee wagonjwa, hata kama bika lako litakuwa zuri. Dawa inayofyonzwa zaidi ina nguvu zaidi pia upande wa madhara. Halofantrini, dawa nyingine ya malaria inayopenda mafuta, iliamriwa kumezwa tumbo likiwa tupu kwa sababu chakula cha mafuta kilipandisha kiwango chake kwenye damu, na kiwango kikubwa kilivuruga mapigo ya moyo. Mchanganyiko mpya ni dawa mpya. Unahitaji uthabiti uliopimwa kwa miezi, majaribio kwa watu, na kibali cha ACOREP, mamlaka ya dawa ya Kongo.

Lakini kuna kitu ambacho mgonjwa anayeingia farmasia leo jioni anaweza kupewa. Lumefantrini ikimezwa na chakula chenye mafuta mengi hufyonzwa hadi mara 16 kuliko ikimezwa na njaa, na artemetha mara mbili hadi tatu. Na si lazima mafuta yawe mengi: watu wenye afya waliopewa mililita 36 za maziwa ya soya, zenye gramu 1.2 tu ya mafuta, walikadiriwa kufikia kama asilimia 90 ya ufyonzwaji wa juu kabisa. Bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) iliyotiwa mawese inapita kiasi hicho kwa mbali. Anayeshindwa kula, maziwa kidogo au uji uliotiwa siagi ya karanga. Mueleze mama anayemnunulia mtoto dawa, kila dozi, hata ile ya tatu na ya nne wakati homa imeshashuka na mtoto anaonekana amepona, maana hapo ndipo watu wengi hummezesha mtoto kwa maji matupu. Nyongo na kongosho za mtoto zitatengeneza emulsheni bora kuliko yoyote tutakayoitengeneza labo mwaka huu.

Nitumie kwanza namba za umumunyifu: karanga, mbarika, mise, na kila moja ikiwa na asidi oleiki nusu kwa nusu, dawa zote mbili, kwenye nyuzi 25. Kabla ya namba hizo usinunue safaktanti nyingine.